Usichemshe ua hili kutibu saratani

Msomaji, huenda mmea huu umeota nje ya mlango wako. Ni ule wa maua ya waridi au meupe yenye petali tano, unaostahimili kiangazi. Asili yake ni kisiwa cha Madagaska na wataalamu huuita Catharanthus roseus. Wagonjwa kadhaa wameniuliza: kama kweli unatibu saratani, mbona nisiuchemshe nyumbani?

Swali hilo si la kuchekwa. Huko Jamaika, watu walikunywa chai ya majani hayo kutibu ugonjwa wa sukari. Katika miaka ya 1950, Robert Noble na Charles Beer waliyachunguza nchini Kanada. Sukari ya panya haikushuka, lakini chembechembe nyeupe za damu zilipungua sana. Mwaka wa 1958 walitangaza kupatikana kwa alkaloidi iitwayo vinblastini. Baadaye ikaja vinkristini, ambayo hadi leo hutumiwa kutibu saratani ya damu ya watoto na uvimbe wa Burkitt, unaoshika taya za watoto katika sehemu zenye malaria nyingi, kama vile kandokando ya Ziwa Victoria.

Dawa hizi huzuia chembechembe za saratani kugawanyika. Hata hivyo, zinaweza pia kudhuru neva na kupunguza chembechembe za damu zenye afya. Ndiyo maana vinkristini hupimwa kwa miligramu, kulingana na umbo la mgonjwa, na hudungwa kwenye mshipa wa damu. Kupata gramu moja tu huhitaji mamia ya kilo za majani makavu. Mmea wenyewe una alkaloidi zaidi ya 70. Sufuria haitenganishi dawa na sumu, wala haikuambii umekunywa kiasi gani.

Maoni yangu ni haya: sisi madaktari tusiwakemee wanaotumia miti shamba, kwani watatuficha. Nawe mgonjwa, mweleze daktari kila unachokunywa, maana kinaweza kugongana na dawa zako.

Zaidi ya yote, usipoteze wakati. Mtoto akivimba taya, au meno yakilegea kabla ya umri wake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Uvimbe wa Burkitt unaweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili, ilhali ukitibiwa mapema, watoto wengi hupona. Maua yaache yapambe boma lako.