Bendera ya mji wa Lamu iwe na siwa

Mhariri,

Kaunti zina bendera zake, kama ilivyoagiza Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Mji wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2001, nao unastahili yake. Napendekeza siwa yetu ya shaba, iliyokuwa ikipulizwa kwenye arusi na sherehe za wenye mji. Ile ya pembe za ndovu ni ya Wapate, tusiwaibie.

Atakayetaka bendera nyekundu tupu kwa ajili ya Vita vya Shela, yapata 1812, simuungi mkono. Wekundu ule ni wa Sayyid Said wa Oman, aliyeombwa ulinzi baada ya Wapate na Wamazrui kushindwa. Ni rangi ya mlinzi, si ya mji.

Chini ya siwa litoshe jicho, lile duara la ubao linalobandikwa omo ya jahazi. Punda (nawapenda kuliko pikipiki hizi!) waachiwe mabango ya watalii. Na rangi zisizidi mbili, ili fundi cherehani yeyote wa Langoni aweze kuishona bila kuagiza kitambaa Mombasa.

Msomaji,
Mkomani, Lamu