Nakala ya hukumu isimkute mfungwa amemaliza kifungo



Rufaa ya jinai kwenda Mahakama Kuu ya Tanzania haiendi mikono mitupu. Hufuatana na nakala ya hukumu au amri inayopingwa, na sababu zake haziandikiki vizuri bila mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu ya kila shahidi alichosema na kila hoja ambayo hakimu aliitolea uamuzi njiani. Aliyefungwa akikosa karatasi hizo, haki ya kukata rufaa, iliyotajwa wazi katika ibara ya 13 ya Katiba ya mwaka 1977, inabaki kwenye kitabu.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, humpa aliyetiwa hatiani na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi siku 10 za kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa, na siku 45 za kuwasilisha rufaa yenyewe. Aliye gerezani hupitishia karatasi zake kwa mkuu wa gereza. Siku zinazotumika kusubiri nakala hazihesabiwi katika zile 45. Kifungu hicho kina huruma, na kwa aliyehukumiwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha kina faida kubwa. Kwa aliyefungwa miezi sita hakisaidii kitu. Muda wa rufaa unasimama, kifungo hakisimami. Hata dhamana wakati wa kusubiri rufaa hutolewa baada ya rufaa kuingizwa mahakamani, na rufaa inasubiri nakala. Kwa hiyo mtu anaweza kutoka gerezani na hukumu yake ikiwa haijachapwa, akiwa ametumikia adhabu ambayo huenda Mahakama Kuu ingeifuta.

Ucheleweshaji huanzia kwenye kalamu. Ingawa Mahakama imeingiza mifumo ya kielektroniki ya kusajili na kufuatilia mashauri, katika mahakama nyingi za chini ushahidi bado huandikwa na hakimu kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa, huku shahidi akiongea. Mpigachapa hupewa jalada baadaye na kuanza kuusoma mwandiko wa mtu mwingine, wenye vifupisho na mistari iliyokatwa. Akimaliza, kazi hurudi kwa hakimu isahihishwe. Hapo ndipo ndugu wa mfungwa wanapozoea majibu ya dirisha la masjala: jalada liko kwa hakimu, hakimu yuko semina, hakimu amehamishwa kituo, njoo wiki ijayo. Mama aliyetoka kijijini kwa basi la alfajiri hupewa majibu hayo kwa mdomo tu. Barua yake ya maombi haipigwi mhuri wa kupokelewa, na baadaye hana cha kuonyesha kwamba aliomba mapema. Jambo hili la mhuri wa kupokea linaonekana dogo, lakini linaweza kuamua kama rufaa iliyochelewa itasikilizwa au itatupwa.

Nakala ikishapatikana, yafaa ikaguliwe palepale. Kwa mujibu wa Sheria ya Ushahidi, nakala iliyothibitishwa huwa na maneno chini yake yanayosema kuwa ni nakala ya kweli ya waraka wa asili, pamoja na tarehe, saini, jina na cheo cha ofisa anayeutunza, na muhuri pale anaporuhusiwa kuutumia. Fotokopi isiyo na uthibitisho huo haina uzito mbele ya ofisi nyingine. Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani husomwa bure kwenye tovuti ya TanzLII, na hilo ni jambo la kushukuru sana, ila chapisho la mtandaoni halichukui nafasi ya nakala yenye uthibitisho.

Walioshinda kesi nao wamo katika adha hii. Mtu akikamatwa, jina lake huingia katika vitabu vya kituo na mara nyingi alama zake za vidole huchukuliwa. Mikononi mwake hubaki namba ya RB (kitabu cha taarifa cha polisi), pengine hata hiyo hana. Miaka ikipita, mwajiri au ubalozi unapotaka cheti cha polisi, mtu huyo anatakiwa kuonyesha kesi iliishaje. Karatasi yenye neno lolote la kuachiwa haitoshi: kesi iliyoondolewa na upande wa mashtaka kabla ya utetezi inaweza kufunguliwa tena, ilhali aliyesikilizwa na kuonekana hana hatia hawezi kushtakiwa upya kwa kosa lilelile. Ni nakala ya amri ya mahakama pekee inayoonyesha lipi lilitokea, na kuitafuta katika masjala ambamo majalada ya zamani yamefungwa kwa kamba sakafuni ni kazi ya miezi.

Kinachotakiwa hakihitaji sheria mpya. Hukumu ichapwe kabla ya kusomwa, na mshtakiwa akabidhiwe nakala iliyothibitishwa siku hiyohiyo, awe amefungwa au ameachiwa. Mwenendo wa kesi za vifungo vifupi uchapwe kwanza, kwa sababu wafungwa hao ndio muda unaowaumiza. Kila barua ya maombi ipokelewe kwa mhuri na tarehe, na orodha ya maombi yasiyojibiwa ifike kwa hakimu mfawidhi kila mwezi.

Msomaji,
Morogoro