Daftari la Chekechea na Mtoto wa Askari

Swali la ni mtoto yupi anayeandikishwa katika shule ya chekechea ni la siasa ya elimu, nalo lamhusu askari mzazi kama limhusuvyo raia. Katika Afrika Mashariki kila nchi imelijibu kwa njia yake.

Hapa kwetu Uganda, Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 iliiacha elimu ya awali mikononi mwa watu na mashirika binafsi, na gharama yake ikawa juu ya mzazi au mlezi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliikabidhi kazi hiyo kwa serikali za kaunti. Tanzania, kwa Sera ya Elimu ya mwaka 1995, iliagiza kila shule ya msingi iwe na darasa la awali. Elimu bila malipo ilipoanza huko Januari 2016, watoto wa awali waliongezeka kutoka milioni 1 na ushei hadi zaidi ya milioni 1.5 kwa mwaka mmoja.

Watoto hao hawakuzaliwa mwaka huo. Walikuwapo majumbani, wakizuiwa na michango. Hata hivyo, walimu na vyumba havikuongezeka kwa kasi hiyo, na kipimo cha mwalimu 1 kwa watoto 25 kikazidiwa mbali. Sisi tuliyaona hayo mwaka 1997, wanafunzi wa shule za msingi walipotoka milioni 3.1 hadi milioni 5.3.

Basi daftari la shule lisomwe mara mbili: kwanza waliomo, kwa umri, jinsia na makazi, pili wasiomo. Asiyepitia chekechea huingia darasa la kwanza hajashika kalamu, akaketi na mwenziwe aliyekwisha kujua herufi. Mwalimu ni mmoja, na aliye nyuma hurudia darasa au huacha shule.

Mtoto wa askari ana mzigo wa ziada: uhamisho wa mzazi. Yafaa kila kambi ihesabu watoto wake wa miaka 3 hadi 5 mwanzoni mwa mwaka, wanaosoma na wasiosoma. Mzazi naye asajili uzazi mapema, na anapohamishwa achukue barua ya shule ya mtoto.

Kamanda asiyejua idadi ya askari wake hawezi kupanga posho yao. Vivyo hivyo, tusiowahesabu hatutawajengea darasa.