Programu huria ya afya inafika Opala bure, lakini haki ya kuitengeneza haifiki yenyewe

Kila mwezi, vituo vya afya vya zoni ya Opala, katika jimbo la Tshopo, hujaza ripoti: wagonjwa wangapi wa malaria, akina mama wangapi wamejifungua, watoto wangapi wamechanjwa, dawa gani zimekwisha. Karatasi hizo husafirishwa kwa pikipiki au kwa mtumbwi hadi ofisi kuu ya zoni. Hapo tarakimu zinaingizwa katika programu inayoitwa DHIS2, na baadaye zinaonekana Kisangani na Kinshasa. Ni kwa tarakimu hizo wakubwa wanaamua dawa ziende wapi na chanjo zipelekwe lini.

Programu hiyo Kongo haikuinunua. DHIS2 inatoka Chuo Kikuu cha Oslo, nchini Norway, na ni programu huria: nchi yoyote inaweza kuitumia, kuibadilisha na kuisambaza bila kulipa. Kwa taifa ambalo hospitali zake zinakosa hata mafuta ya jenereta, hilo ni jambo jema. Shida ni kwamba neno « bure » limewalaza usingizi wengi. Mradi ukileta programu mpya, watu wanauliza itaanza lini na mafunzo yatafanyika wapi. Ni mara chache mtu anauliza imejengwa na nini, na kwa masharti gani. Swali hilo linafaa kuulizwa kabla ya sahihi kutiwa.

Hakuna programu ya leo iliyoandikwa yote na mtu mmoja. Fundi anachukua vipande vilivyokwisha kuandikwa na wengine, vinavyoitwa maktaba, na kuviunganisha: kimoja cha kuchora grafu, kingine cha kutunza nywila, kingine cha kusoma faili. Programu ndogo tu ya simu inaweza kubeba mamia ya maktaba za namna hiyo. Na kila maktaba inakuja na leseni yake, yaani ruhusa ya mwenye kazi pamoja na masharti yake.

Leseni hizo hazifanani. MIT, BSD na Apache zinadai kidogo: acha jina la mwandishi na maandishi ya leseni mahali pake, kisha fanya unachotaka, hata kuifunga kazi yako na kuiuza. GPL ni kali zaidi: ukimpa mtu programu iliyojengwa juu yake, sharti umpe pia msimbo chanzo, yaani maandishi ambayo fundi mwingine anaweza kuyasoma na kuyarekebisha. AGPL inafika mbali zaidi: hata anayeitumia programu iliyobadilishwa kupitia mtandao tu ana haki ya kupata msimbo huo. Kuna pia leseni zisizokubali kukaa pamoja: maktaba ya Apache toleo la 2 haiunganishwi na kazi iliyo chini ya GPL toleo la 2 peke yake, ila na toleo la 3 inaruhusiwa. Na msimbo uliowekwa kwenye intaneti bila leseni yoyote si mali ya wote: haki zake zote zimebaki kwa aliyeuandika.

Hapo ndipo Opala inapoguswa. DHIS2 iko chini ya BSD. Kampuni au mradi unaweza kuichukua, kuongeza sehemu yake kwa ajili ya Tshopo, na kuifunga sehemu hiyo bila kuvunja sharti lolote. Uhuru uliotoka Oslo unaweza kuishia mikononi mwa fundi mmoja Kinshasa au Nairobi. Siku mfadhili anapofunga ofisi na mkataba wa fundi unapokwisha, zoni inabaki na kitu kinachofanya kazi hadi kitakapoharibika. Kikiharibika, hakuna anayeruhusiwa wala anayeweza kukifungua.

Wengine watasema haya ni mambo ya Ulaya. Na watazame basi kilichotokea huko. Mwaka 2005, serikali ya Ufaransa ilitafuta wa kujenga mfumo wa utambulisho kwa tovuti yake ya huduma za raia. Orange ilipata soko hilo, na ndani ya mfumo ikaweka maktaba iitwayo Lasso, kazi ya kampuni ndogo Entr'Ouvert, iliyo chini ya GPL toleo la 2. Entr'Ouvert ilidai kwamba masharti hayakufuatwa, ikaenda mahakamani mwaka 2011. Kesi ilipanda na kushuka hadi tarehe 14 Februari 2024, Mahakama ya Rufaa ya Paris ilipoiamuru Orange kulipa zaidi ya euro 500 000. Maktaba moja tu, ndani ya tovuti ya serikali, na miaka kumi na mitatu ya kesi.

Opala pengine haitapelekwa mahakamani. Hatari yake iko kwingine, na dunia iliiona Desemba 2021, pale tundu kubwa la usalama lilipogunduliwa katika Log4j, maktaba ndogo inayoandika kumbukumbu za matukio ndani ya programu za Java. Ilikuwa imejificha ndani ya programu nyingi mno duniani. DHIS2, ambayo seva yake imeandikwa kwa Java, nayo ilihitaji marekebisho, na waendelezaji wake waliyatoa. Aliyekuwa na orodha ya maktaba zake alijua upesi kama ameguswa. Asiyekuwa nayo alianza kupekua seva moja baada ya nyingine. Programu iliyojengwa na mradi uliokwisha kuondoka, isiyo na orodha wala msimbo, ingetazamwa na nani? Na ndani yake kuna majina ya wagonjwa wa UKIMWI na wa kifua kikuu. Kanuni za kidijitali za Kongo, zilizotolewa kwa amri-sheria ya tarehe 13 Machi 2023, zinalinda taarifa binafsi za raia. Lakini huwezi kulinda nyumba usiyojua ina milango mingapi.

Kujenga juu ya kazi ya wengine si aibu. KoboToolbox, ambayo mashirika ya misaada mashariki mwa Kongo wanaitumia kuuliza maswali vijijini na katika kambi za wakimbizi, ilijengwa juu ya kazi za watangulizi kama formhub na Enketo. Majina yao na leseni zao zinajulikana, na msimbo uko wazi kwa anayetaka kuusoma. Hivyo ndivyo kazi safi inavyofanyika.

Kuweka mambo sawa hakudai mamilioni ya franga. Orodha ya maktaba inaweza kutolewa na kompyuta yenyewe kwa vyombo visivyolipiwa, na tangu 2021 kuna hata mtindo unaotambuliwa kimataifa wa kuiandika, SPDX. Kinachokosekana ni mtu wa kuidai.

Wa kwanza kuidai ni wizara ya afya na idara ya afya ya jimbo huko Kisangani. Mkataba wowote wa programu, uwe wa fedha za umma au wa mfadhili, uwe na mambo manne: orodha ya maktaba zote na leseni zake, msimbo chanzo wote, pamoja na sehemu zilizoongezwa kwa ajili ya Kongo, ruhusa ya maandishi ya kuubadilisha, na jina la atakayefuatilia marekebisho ya usalama mradi ukiisha. Pasipo mambo hayo, malipo ya mwisho yasitoke. Nakala ya msimbo itunzwe Kisangani, si Kinshasa peke yake.

Wafadhili wasingoje kuombwa, kwa kuwa wao ndio wanaoondoka. Nacho Chuo Kikuu cha Kisangani, pamoja na shule za ufundi wa kompyuta, ziwafundishe vijana kusoma leseni kama zinavyowafundisha kuandika msimbo. Kijana anayenakili maktaba akifuta jina la mwandishi anamwibia mwenzake. Anayeweka kazi yake mtandaoni bila leseni amewafungia mlango wale aliotaka kuwasaidia.

Mtu anaweza kusema kwamba Opala inahitaji kwanza barabara, umeme na mtandao. Ni kweli, na yote hayo yadaiwe. Lakini mahali ambapo fundi hafiki kwa urahisi ndipo programu inapotakiwa iwe inaweza kutengenezwa na yeyote aliye karibu. Kijana wa Kisangani mwenye kompyuta na ujuzi anaweza kuwa fundi huyo, mradi tu waliotia sahihi wawe wamemwachia msimbo na haki ya kuugusa.