BARAZA YA MWAKA: Tumtaje kwa Jina Lake

Ndugu wasomaji, wazee kwa vijana wa Clintonville, na jamaa zetu wa Louisville na Buffalo ambao kitabu hiki huwafikia kwa posta, kurasa za mbele mtaona furaha za mwaka, yaani vizazi vipya, arusi na wahitimu, na mhariri ameniomba baraza iwe fupi ili picha za arusi zipate nafasi. Nitajitahidi. Lakini neno ninalolileta mwaka huu halikubali kufupishwa sana, maana linahusu vijana wetu na vita.

Sababu ya kulileta ni hii. Katika nyumba zetu hivi sasa wamo vijana waliokwisha kuvaa sare za jeshi la Marekani, na wamo wanaopiga hesabu. Maofisa wa kuandikisha askari huwafuata hata shuleni, na maneno yao ni matamu: masomo ya chuo, fundi wa kazi fulani, heshima, na kwa asiyekuwa raia, njia ya mkato ya kupata uraia. Mzazi mmoja wa kwetu, aliyekimbia bunduki Uvira akalea watoto wake kambini Nyarugusu, alinijia akiwa na karatasi mkononi. Mwanawe ana miaka 17, na kwa umri huo jeshi halimpokei bila sahihi ya wazazi. Alitaka kujua kama atie sahihi au asitie.

Hilo si langu kumwamulia. Ila nilimweleza habari ya vijana wa mji huu huu, na leo nawaeleza ninyi nyote, kwa kuwa wengi wetu tulifika Columbus baada ya msiba huo, na hatukuukuta ila katika ukimya wa wenyeji.

Hapa Columbus ipo kombania ya askari wa Marine iitwayo Lima, ya Batalioni ya 3, Rejimenti ya 25. Ni askari wa akiba. Maana yake ni kwamba kijana anakaa kwao, anafanya kazi yake au anasoma chuo, na mara moja kwa mwezi, mwisho wa juma, anakwenda mazoezini, kisha wiki mbili katika mwaka. Mzazi akisikia hivyo moyo hutulia. Lakini askari wa akiba ni askari. Januari 2005 vijana hao waliitwa, na baada ya miezi michache walikuwa Iraki, magharibi ya nchi, kando ya mto Furati.

Mwezi wa Mei walipoteza wenzao kadhaa katika mapigano karibu na mpaka wa Syria. Kisha ikaja tarehe 3 Agosti 2005. Gari lao la deraya, lile liendalo majini na nchi kavu, lilipita juu ya bomu lililotegwa barabarani karibu na mji wa Haditha. Walikufa Marine 14, na pamoja nao mkalimani wao ambaye alikuwa raia. Siku mbili tu kabla ya hapo, wenzao 6 wa batalioni hiyo hiyo walikuwa wameuawa. Waliporudi Oktoba, batalioni nzima ilikuwa imepungukiwa na watu 48, na kombania ya Lima peke yake watu 23: Marine 22 na tabibu mmoja wa jeshi la maji.

Katika wale 14 wa gari moja, wengi walikuwa vijana wa Ohio. Majina yao ni ya Kizungu na ya Kihispania, majina tunayoyasikia madukani na mashuleni kila siku. Lakini ukiisoma orodha iliyotangazwa na wizara ya ulinzi, jicho lako litasimama mahali pamoja. Koplo Usu Kevin Waruinge, miaka 22, wa Tampa, Florida.

Waruinge! Hilo si jina la Tampa. Ni jina la Kikuyu. Wazee wa Kenya walio kati yetu wanalijua tangu enzi za Philip Waruinge, bondia aliyepata medali ya shaba katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akatunukiwa na kombe la bondia bora wa michezo hiyo, kisha akaleta fedha kutoka Munich mwaka 1972. Siku zile redio moja ilikusanya kijiji kizima kulisikiliza jina hilo. Mwaka 2005 jina hilo likasomwa tena, mara hii katika orodha ya wafu, na msomaji akapita, kwa sababu aliona "Tampa" akadhani amekwisha kumjua mtu.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Kijana akifa vitani nchi humwandika kwa mahali alipojiandikishia. Nchi haina nafasi katika orodha yake ya kuandika bibi aliyempa jina, wala ukoo, wala lugha aliyobembelezewa. Sehemu hiyo ni kazi ya jamaa. Jamaa wasipoifanya, hakuna atakayeifanya.

Hatusemi hivyo kwa kubahatisha. Watu wa Afrika ya Mashariki tumekwisha kuliona jambo hili. Nenda Nairobi, katikati ya mji, utaona sanamu ya askari iliyosimamishwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Dar es Salaam iko nyingine, na Mombasa iko. Maandishi yake yanaahidi kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Ahadi nzuri. Lakini zunguka sanamu hiyo pande zote, hutaona jina hata moja. Wapagazi waliobeba mizigo ya vita vile, ambao kutokana nao tumepata Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, walikufa zaidi ya 40,000 kwa hesabu ya serikali yenyewe, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Miaka mia ilipita kabla ya neno hilo kutamkwa. Na hata lilipotamkwa, nani angeweza kuyarudisha majina? Waliokuwa wakiyajua walikwisha kufa nao.

Katika Vita vya Pili mambo yalikuwa afadhali kidogo. Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo, ikiwa na mamia ya askari wa mizinga wa kwetu waliokuwa njiani kwenda kupigana na Wajapani. Tarehe 12 manowari ya Kijapani iliipiga, ikazama kwa muda usiotimia dakika 3. Walikufa watu 1,297. Bahari haina kaburi, lakini askari wale walipata angalau jiwe: majina yao yameandikwa katika makaburi ya vita ya barabara ya Ngong, Nairobi. Mjukuu akitaka, anaweza kwenda akaweka kidole juu ya jina la babu yake. Tofauti ya mpagazi wa 1917 na askari wa 1944 ni hiyo tu, na si tofauti ndogo.

Wenyeji wa hapa walilifahamu hilo mapema. Vijana wa Lima walipokwisha kuzikwa, mchoraji mmoja wa Columbus, Bibi Anita Miller, alichora picha 8 kubwa zenye sura za wote 23, kila mmoja kwa kimo chake halisi. Zilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 2008 katika jumba la serikali ya jimbo, hapo mjini, na tangu hapo zimezungushwa nchi nzima. Mbele ya kila kijana huwekwa viatu vyake mwenyewe vya jeshi. Hakuna aliyechorwa kama shujaa wa sinema. Unaona nyuso tu, za watoto wa watu, wa umri wa hawa wetu wanaotuomba funguo za gari.

Sasa nije kwenye yanayotuhusu majumbani, maana baraza isiyo na faida ni soga tu.

Kwanza, habari ya fomu. Kila askari hujaza karatasi iitwayo DD 93, ambamo huandika jamaa zake, nani apewe habari akipatwa na jambo, na nani apokee rambirambi ya serikali, ambayo ni dola 100,000. Bima ya maisha ina mahali pake pengine pa kuandika mpokeaji. Zamani ilikuwa dola 400,000, na tangu Machi 2023 imefika 500,000. Katika mila zetu mtoto ni wa wengi. Amezaliwa na huyu, amelelewa na shangazi, amesomeshwa na mjomba, na aliyevuka naye mpaka ni bibi. Karatasi haijui hayo. Kijana asipoandika kitu, sheria huanza na mke au mume, kisha watoto, kisha wazazi. Shangazi aliyemlea tangu akiwa na miaka mitatu huenda akabaki nje, au akadaiwa ushahidi asiokuwa nao. Basi kijana wako akienda, kaa naye usiku mmoja, muulize ameandika nani. Msione haya. Kuulizia karatasi si kumtabiria mtu mauti. Na akioa, au mtu mmojawapo akifariki, karatasi ibadilishwe.

Pili, habari ya mlango. Msiba ukitokea, hawapigi simu kwanza. Huja watu waliovaa sare mpaka nyumbani. Sasa tufikirie: katika nyumba zetu nyingi mama anajua Kiswahili, Kibembe au Kizigula, na mkalimani wa nyumba ni mtoto wa darasa la nne. Yeye ndiye anayesoma barua za umeme na kusema na daktari. Jamani, mtoto huyo asije akawa ndiye wa kumwambia mama yake kwamba kaka amekufa. Kila nyumba yenye askari iwe na mtu mzima mmoja, jirani au jamaa, ambaye mama ana namba yake ukutani na ambaye atakuja saa yoyote aitwapo.

Tatu, habari ya uraia. Ni kweli kwamba askari wa wakati wa vita hupata njia ya haraka, na ni kweli pia kwamba asiyekuwa raia akifa kazini jamaa zake wanaweza kumwombea uraia baada ya kufa. Lakini ombi hilo lina muda wake, miaka 2 tangu kifo. Wenye msiba wetu hukaa na huzuni, na karatasi huwapita. Mtu mmoja wa ukoo apewe kazi hiyo.

Na kwa mzazi yule wa Uvira, na wengine wenye karatasi mezani, nasema hivi. Usikatae kwa ukali, maana kijana akitimiza miaka 18 hahitaji sahihi yako, ataondoka na kinyongo. Wala usitie sahihi kwa haraka kwa ajili ya ada ya chuo. Mweleze kwanza ulichokiona wewe. Vijana wetu wengi hawajui wazazi wao walikimbia nini, kwa sababu tulinyamaza tukidhani tunawahifadhi. Kijana anayekwenda jeshini akiwa amesikia habari ya baba yake kutoka kinywani mwa baba anakwenda akijua vita ni kitu gani. Akiamua kwenda, ameamua mtu mzima, nasi tutamsindikiza kwa heshima.

Mwisho, ombi la baraza. Jumatatu ya mwisho ya Mei, siku ambayo Wamarekani huwakumbuka waliokufa vitani, sisi wa Clintonville tumezoea kuona ni siku ya nyama ya kuchoma pale Whetstone. Nyama iendelee. Lakini kabla ya moto kuwashwa, mzee mmoja asimame ayataje majina: Kevin Waruinge, aliyeanguka na vijana wa mji huu, na baada yake kila familia itaje wa kwake, awe askari wa KAR, mpagazi, mgambo, au raia aliyeuawa kwa vita asivyovijua. Wa Louisville wanayo makaburi ya Zachary Taylor, na wa Buffalo wanazo zile meli za vita ufukweni. Wachague mahali wafanye vivyo hivyo.

Tena majina hayo yaandikwe. Jina la mtu, la baba yake, la mahali alipozaliwa, na mwaka kama unajulikana. Yatumwe kwa mhariri kabla ya mwezi wa Septemba, naye ameahidi ukurasa mzima katika kitabu kijacho, hata kama picha za arusi zitabanana.

Wasalaam. Tukijaaliwa, tutaonana mwakani katika ukurasa huu huu.