Zeze na Karatasi
Kila nipitapo Mtumba, Dodoma, kwenye majengo ya wizara yaliyochipuka katikati ya vumbi la Ugogo, humkumbuka mtunzi wa muziki Justinian Tamusuza. Mganda huyu, mzaliwa wa 1951, alifundwa utunzi na mtunzi mwenzake Kevin Volans kule Belfast, kisha akachukua shahada yake ya uzamivu Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Kibao chake cha violini mbili, viola na sello, Ekitundu Ekisooka, yaani “sehemu ya kwanza”, kina vipande vifupi vinavyopokezana na kuingiliana kama wapigaji wa marimba ya amadinda, hata usijue nani kaanza. Kundi la Kronos Quartet lilikirekodi katika albamu Pieces of Africa, 1992, na kikatembea dunia nzima bila kumhitaji Tamusuza apande nacho ndege: kilikuwa kwenye karatasi. Sisi Watanzania tulikuwa na Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Ugogo huu huu, aliyerekodi na lebo ya Real World ya Peter Gabriel kabla ya kufariki 2003. Utunzi wake uliishi vidoleni na kooni. Simlaumu hata kidogo. Ilimba, ala yake ya kupigwa kwa vidole gumba, haidai noti. Lakini kijana wa violini pale Nairobi akitaka kupiga muziki wa Zawose kesho jioni, aanzie wapi?