Iafoni ya waya si ushamba

 

Leo naongelea kitu kidogo ambacho wengi wetu tunacho mfukoni: iafoni. Sisi Wakongomani tunaita ekuteri, lakini ni kitu kilekile. Maoni yangu nayasema tangu mwanzo. Kama una pesa ya kununua moja tu, na ni pesa kidogo, nunua ya waya yenye raba. Za Bluetooth za bei ya chini achana nazo kwanza. Na kabla hujauliza ni ya kampuni gani, angalia kama inakaa vizuri kwenye sikio lako, kwa sababu kwa hizi za bei rahisi, kukaa kwake ndiko kunaamua sauti.

Kuna watu watasema hii ni mada ya mchezo, eti vijana na muziki wao. Hapana. Nyumba zetu ni za mabati, matope na turubai. Jirani akikohoa unamsikia. Ukiongea na mama aliyeko Bukavu kuhusu shida za nyumbani, bila iafoni plot nzima inajua. Masomo ya mtandaoni tunafuata kwa simu. Intavyu za chuo na za kazi zinafanyika kwa simu. Hata mshauri wa shirika siku hizi anaweza kukupigia badala ya kukuita ofisini. Kwa hiyo iafoni kwetu ni darasa, ni ofisi, na ni mlango wa kufunga kidogo.

Sokoni, kwa Wahabeshi ama kwa Wasomali, utakuta aina tatu.

Ya kwanza ni ile ya plastiki tupu, haina raba, inakaa tu mdomoni mwa sikio. Mara nyingi ndiyo inatoka kwenye boksi la simu. Uzuri wake haikazi sikio, na unasikia mtu akikuita. Ubaya wake ni kwamba umbo lake ni moja kwa watu wote. Sikio lako likiwa dogo inakuumiza, likiwa kubwa inadondoka. Na kwa sababu haizibi, besi yote inatoka nje. Weka wimbo wowote wa Franco na TPOK Jazz: utasikia mwimbaji na gitaa ya solo, lakini gitaa la besi ni kama amekwenda kunywa chai.

Ya pili ni ya waya yenye raba laini inayoingia kwenye tundu la sikio. Hii ikikaa sawa, weka wimbo uleule. Besi inarudi, na unaanza kutofautisha solo, mi-solo na rithimu, kila gitaa mahali pake. Sisemi kila iafoni ya raba ni nzuri. Kuna zingine besi imezidi mpaka sauti ya mwalimu inakuwa kama anaongea ndani ya pipa. Lakini nafasi yako ya kupata sauti safi kwa pesa kidogo iko hapa.

Ya tatu ni za Bluetooth, zile mbili ndogo zinazokaa kwenye kasha lao. Hizi ndizo za maringo. Na nitakuwa mkweli, zina faida. Fundi cherehani, kinyozi, mtu anayefanya mazoezi, waya unamsumbua. Simu zingine mpya pia hazina tundu la iafoni. Mtu wa namna hiyo simlaumu. Lakini kwa bei ya chini pesa yako inagawanywa. Inalipia betri tatu, yaani ya kushoto, ya kulia na ya kasha, inalipia chombo cha kupokea Bluetooth, inalipia taa za kupendeza. Spika yenyewe inabaki na masalio. Kwenye ya waya hakuna betri wala kasha la kulipia.

Halafu kuna jambo ambalo muuzaji hakuambii. Bluetooth ina njia mbili za kupitisha sauti. Moja ni ya kusikiliza tu, na hapo muziki unatoka vizuri kiasi. Nyingine ni ya mazungumzo, maikrofoni inapofunguliwa. Njia hiyo ya pili inabana sauti, na kwenye hizi za bei rahisi inashuka kabisa, unasikia kama simu ya zamani. Ndiyo maana mtu anasikiliza muziki safi, akiingia darasani kwenye Zoom sauti inaharibika ghafla, anafikiri ni mtandao. Si mtandao kila mara. Waya hauna shida hiyo.

Maikrofoni nayo ina hadithi yake. Ya waya inaning'inia karibu na mdomo. Ya Bluetooth iko sikioni, mbali na mdomo, na upepo wa Turkana unaingia moja kwa moja. Rafiki yangu mmoja wa Kalobeyei alifanya intavyu ya masomo na zile za kasha. Mara tatu aliambiwa arudie jibu, na kila akirudia anapoteza maneno. Alikuwa amejiandaa wiki mbili. Sijui kama alikosa nafasi kwa sababu hiyo, lakini najua walichosikia wale watu upande wa pili kilikuwa upepo.

Na umeme? Wengi tunachaji kwa mwenye sola ama jenereta, tena kwa kulipa. Iafoni ya waya haichajiwi. Zaidi ya hapo, redio ya FM kwenye simu nyingi inatumia waya wa iafoni kama antena. Ukichomeka waya, redio inashika bila hata bando. Jaribu hiyo na zile za kasha uone.

Sasa tuje kwenye kukaa, ndiyo sehemu watu wanapuuza. Iafoni ya raba huwa inakuja na raba za saizi tatu: ndogo, ya kati na kubwa. Wengi wanaacha ile ya kati iliyokuja imevalishwa, zingine wanatupa na pakiti. Usitupe. Masikio ya mtu mmoja yanaweza kutofautiana, kushoto kukataka ndogo na kulia kukataka ya kati. Hakuna aibu hapo.

Namna ya kuvaa: mkono mmoja uvute sikio juu na nyuma kidogo, mkono mwingine uingize iafoni, halafu achia sikio. Sasa ongea, sema "aaa". Sauti yako ikiwa nzito ndani ya kichwa, imeziba. Kisha weka wimbo, uibonyeze kidogo kwa kidole. Kama besi inaongezeka ukibonyeza, maana yake raba ni ndogo ama hujaivaa sawa. Badilisha. Nimeona watu wakilalamika "iafoni mbovu", tukabadilisha raba tu, malalamiko yakaisha.

Ukiwa dukani fanya mambo machache kabla ya kutoa pesa. Sikiliza pande zote mbili kama ziko sawa. Zungusha pini polepole ikiwa kwenye simu, ikikatakata irudishe. Rekodi sauti yako kwa WhatsApp, usikilize, ndiyo utajua maikrofoni. Na uende na raba zako mwenyewe, kwa sababu hujui ile ya dukani imeingia masikio mangapi. Jina kubwa lililoandikwa kwenye boksi lisikulevye, za kuigiza ni nyingi.

Wanasema rahisi ghali. Ni kweli kama hutunzi. Waya huwa unakatika pale karibu na pini, kwa hiyo ukichomoa shika pini, usivute waya. Usiuzungushe kwenye simu ukaukaza. Ukikatika, fundi simu anaweza kuukata na kuunga pini nyingine. Ile ya Bluetooth betri ikifa, wengi tunaitupa tu. Vumbi letu pia linaziba kile kiwavu kidogo, sauti ya upande mmoja inashuka unadhani imekufa. Piga mswaki mkavu taratibu, kiwavu kikiangalia chini. Raba zitoe, uzioshe kwa sabuni na maji, zikauke kabla ya kuzirudisha.

Kwa nini nasisitiza kuziba? Kwa sababu ya masikio yenyewe. Iafoni isiyoziba inaruhusu kelele za nje, jenereta, watoto, upepo. Wewe unafanya nini? Unaongeza sauti. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema zaidi ya vijana bilioni 1 duniani wako kwenye hatari ya kupoteza usikivu kwa kusikiliza sauti kubwa. Kipimo chao kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila ukiongeza desibeli 3, muda huo unakatwa nusu. Simu zetu nyingi hazionyeshi desibeli, lakini WHO inashauri usipite asilimia 60 ya sauti ya juu kabisa ya simu. Ukiwa na raba iliyokaa vizuri, hiyo 60 inatosha kwa mwalimu yeyote.

Tahadhari mbili hapo. Ukitembea barabarani, na hasa jioni, vaa upande mmoja tu ama utoe kabisa. Bodaboda haisubiri umalize wimbo, na dada zetu wanajua kwa nini sikio linatakiwa kuwa wazi. Na kama sikio linauma ama linatoa usaha, usiingize kitu, nenda kliniki kwanza. Usiazime raba ya mtu, na yako usimwazime.

Namalizia na nyinyi wa mashirika. Tunashukuru kwa tableti na masomo. Lakini darasa la watu thelathini, kila mmoja na tableti inayotoa sauti nje, hilo si darasa, ni soko. Mkipanga bajeti ya tableti, iafoni iwe ndani yake, isiwe kitu cha "tutaona baadaye". Nunueni za waya zenye maikrofoni na raba za saizi tatu, na kwanza muangalie pini inaingia kwenye tableti hizo, kama ni tundu la kawaida la milimita 3.5 ama Type-C. Kila mwanafunzi awe na yake. Kama lazima tushirikiane, basi leteni zile kubwa za kufunika sikio, zinazopanguswa baada ya kila mtu.

Pia mjue iafoni haimalizi kila kitu. Ukiongea na mshauri wako, iafoni inaficha maneno yake, ya kwako jirani bado anayasikia. Na mtihani wa Duolingo English Test, ambao vyuo vingi vinaukubali, hauruhusu iafoni kabisa, masikio lazima yaonekane. Kijana wa nyumba ya mabati afanyie wapi? Chumba kimoja kimya chenye mlango, cha kuweka nafasi kwa saa moja, kingetusaidia kuliko fulana nyingi zenye nembo.

Vijana, anayekucheka kwa sababu ya waya mwache acheke. Wewe jibu maswali ya intavyu, na wakusikie.